Wadudu wa Kandida

Daktari Nkwabi aliniuliza kama mwezi ule niliwahi kucheka.

"Nimecheka," nikamwambia.

"Sababu ilikuwa nini, bibi?"

"Mume wa mjukuu wangu aliteleza na ndoo ya pumba, akakaa kitako kwenye banda la nguruwe. Watu wote wakacheka. Nami nikacheka, nisije nikawaharibia shughuli."

"Lakini ndani? Ulisikia nini ndani?"

"Ndani nilisikia njaa."

Akaandika kwenye kibao chake cha kioo. Kijana mpole kupita kiasi. Naye ni mtoto wa Mbegu, na watoto wa Mbegu ndivyo walivyo: ukimkanyaga, anakuuliza kama umeumia.

"Na kulia je?"

"Nilimenya vitunguu."

"Bibi Kandida."

"Basi sijalia. Andika vilevile ulivyoandika mara ya mwisho, usipoteze wino."

Kibao hakina wino, lakini aliitikia kwa adabu.

Zamani mtoto alipata wadudu wake wa tumboni bila kuandikiwa na mtu. Wengine aliwaokota kwa mama yake akitoka, wengine kwenye ziwa, waliobaki kwenye vumbi la uani na mate ya mbwa. Wadudu hao walimsagia chakula, wakaufundisha mwili wake nani adui na nani jirani. Tena, na hili wataalamu waliligundua wakiwa wamechelewa, walikuwa wanapeleka habari kichwani. Hofu, hamu, uchungu, sehemu kubwa inapikwa tumboni, kichwa kinapakua tu. Wanawake wa kwetu wakifiwa hujifunga kanga tumboni wakaikaza. Tulidhani ni desturi.

Kisha likaja gonjwa la kuhara lisilosikia dawa, likafyeka watoto kijiji kwa kijiji. Ndipo ikaletwa Mbegu. Matone machache mdomoni kabla mtoto hajanyonya: wadudu waliochaguliwa, wakapimwa, wapole. Vifo vya watoto vikakoma. Sina neno juu ya hilo. Nilisaidia kuosha watoto wa majirani, najua hali ilivyokuwa. Lakini watoto wa Mbegu wamekua kama maji yaliyochemshwa. Salama, na ladha hakuna.

Sisi wa zamani tulipofika umri wa katikati tuliitwa Ghalani, Mbinga mjini, kila mtu akaweke akiba ya wadudu wake igandishwe. Uzeeni wadudu hupungua, mifupa ikaanza kulalamika, ndipo unarudishiwa wako. Tulipanga foleni kila mtu na kikopo chake cha choo, tunatazama mbele, kimya, kama watu wanaokwenda kutoa sadaka. Kikopo kimoja kwa mtu mmoja, hakuna nyongeza.

Mimi gonjwa lilinikuta nikiwa mzee tayari. Wakanipa dawa ambayo watu wanaiita Fagio. Ikafagia kila kitu, kibaya na kizuri, halafu wakanimwagia Mbegu ya wazee ili tumbo lisikae tupu. Nikapona. Magoti hayaumi, presha iko sawasawa, usingizi ninao. Ila tangu siku hiyo naishi kama mgeni aliyepewa chumba cha mbele. Hakuna ubaya wowote, na hakuna kitu ambacho ni changu.

Nikiwa katika hali hiyo nilimzika Eusebia, mwanangu wa pekee. Ukingo wa barabara ulimporomokea akitoka kuchuma kahawa. Nilikaa msibani kama inavyotakiwa, watu wanalia huku na huku, mimi nawaza kama maharage yatatosha wageni. Mjukuu wangu Leokadia, binti wa marehemu, alinitazama kutoka ng'ambo ya jeneza. Yeye analia kidogo kidogo, kama bomba lisilofungwa vizuri, lakini analia. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

"Kahawa ikianza kuiva," Daktari Nkwabi akasema, "tunakurudishia akiba yako. Gonjwa limelala sasa. Tutakulaza wodini tukuangalie."

"Nitakuwaje?"

"Wengi huanza kwa kulia, bibi. Mambo ambayo hayakupita kwa wakati wake yanakuja yote pamoja."

"Hata ya Eusebia?"

"Hata hayo."

Nikasema vizuri. Sikufurahi, sina cha kufurahia nacho. Lakini nilipofika nyumbani niliwatangazia kwamba kahawa ikiiva nitakuwa na shughuli, nisitafutwe.

* * *

Kahawa ilikuwa bado ya kijani Leokadia alipojifungua. Upasuaji, mtoto wa kiume, wakamwita Alanus. Nilipelekwa nimwone, nikasema yale ambayo bibi husema.

"Haya, mume wangu amefika. Mbona mmeniletea asiye na meno?"

Wakacheka. Nikamshika kidogo, nikamrudisha. Alikuwa na uzito wa kuku.

Alipewa matone yake ya Mbegu kama wenzake, akanyonya kama wenzake. Ila hakunenepa. Tumbo likavimba, nepi zikawa maji matupu, na ngozi ya mapajani ikaanza kukunjamana kama soksi ya baba yake. Wakamrudisha hospitali. Daktari Nkwabi akatuita chumbani kwake: mimi, Leokadia akiwa na mtoto, na mumewe Ditram, yule wa banda la nguruwe.

"Maziwa ya mama yana sukari ya aina yake," daktari akasema. "Mtoto mwenyewe hawezi kuisaga."

"Sasa imewekwa ya nini?" Ditram akauliza.

"Chakula cha wadudu. Mama anawalisha wao, wao ndio wanamjengea mtoto ukuta wa utumbo."

"Kumbe tunanyonyesha wapangaji," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Na wapangaji hao kwake hawapo. Mbegu tumeizalisha maabara miaka mingi, kwa chakula cha maabara. Imesahau maziwa ya mama. Kwa Leokadia walibaki wachache, akavuka. Kwa mtoto wake hawapo kabisa."

"Tumpe maziwa ya kopo," Ditram akasema.

"Tumempa. Yanapita tu. Ukuta hauna fundi."

Leokadia alikuwa anamfuta mtoto mdomo, na mdomo ulikuwa mkavu. "Watoto kama huyu wanakuwaje, daktari?"

Daktari akatazama kibao chake, nacho kilikuwa kimezimwa. "Wachache wanavuka."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu chenye gurudumu moja bovu.

"Mwili wa mtoto hufundishwa na mama yake tangu tumboni nani wa kumpokea," daktari akaendelea, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. "Wadudu wa watu baki tulijaribu kwa mtoto mwingine, mwili ukawatimua. Wa ukoo wa mama hukubalika. Mama yake Leokadia alifariki kabla hajafika umri wa kwenda Ghalani."

Ndipo Ditram akanigeukia. Leokadia hakunigeukia.

"Gawanya," nikamwambia daktari. "Nusu yangu, nusu yake."

"Kikopo ni kidogo, bibi. Nusu haitashika kwa yeyote."

"Basi nipe mimi kwanza. Wakishaota, utachota umpe."

"Kwa mtu wa umri wako huchukua muda mrefu mpaka watulie. Na mtoto ana mlango wake. Uko wazi majuma haya tu. Ukishafungwa, hata tumwage pipa zima."

"Na mimi mlango wangu?"

"Wako sio wa kufungwa. Ni kwamba hakuna kikopo kingine." Akavuta pumzi. "Akiba ni yako. Sheria hainiruhusu hata kukuomba. Nimeeleza tu."

"Umeeleza vizuri sana kwa mtu ambaye haombi."

"Asante, bibi," akasema, tena kwa moyo safi.

* * *

Ditram alinifuata uani kesho yake, ninachagua maharage. Akavuta kigoda, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Bibi, wewe umeshakula chumvi yako."

"Na pilipili. Sema unachotaka."

"Yule hajaonja hata maji."

"Nilikuwepo daktari akieleza, Ditram. Tumbo ndilo lililofagiwa, masikio ninayo."

"Sasa unangoja nini?" Sauti ikampanda, kwa jinsi sauti ya mtoto wa Mbegu inavyoweza kupanda, yaani ikafika usawa wa redio ya jirani. "Humpendi?"

"Simpendi."

Akasimama tena.

"Wala wewe sikupendi," nikamwambia. "Wala Leokadia. Usijione umebaguliwa."

Akaondoka bila kurudisha kigoda. Nikaendelea na maharage. Yalikuwa na mawe mengi mwaka ule.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilikaa nikajitafuta ndani, kama unavyotafuta kibiriti kwenye nyumba ya watu: unajua kipo mahali fulani, wenyewe wangekifikia bila kuangalia, wewe unafungua makabati tu. Nikamfikiria Alanus na mapaja yake yaliyokunjamana. Nikajua kwamba ni jambo baya. Nililijua kama ninavyojua kwamba Songea iko upande ule.

Jioni Leokadia alirudi kuoga, maana hospitali maji yalikuwa ya shida. Akaja kukaa karibu yangu jikoni, nywele zinadondoka maji.

"Ditram ameniambia mlivyoongea."

"Ameongeza nini?"

"Hakuongeza. Hajui kuongeza." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Bibi, mimi sikuombi."

"Kila mtu haniombi. Nimekuwa sanamu ya kanisani, watu wanapita wananitazama tu."

Hakucheka. "Toka mama afe nalia peke yangu. Ditram ananishika bega, daktari ananipa pole. Hakuna mwingine aliyemjua mama akiwa mtoto. Ni wewe. Nilikuwa nangoja kahawa iive, ulie, na mimi nilie na mtu." Akazikamua nywele. "Nikikuomba hiki, na kile nimekipoteza. Kwa hiyo sijui nikuombe nini. Ndiyo maana sikuombi."

Mke mwenzangu huyu alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania. Nilimtazama shingo, imekonda. Nikawaza jambo moja, nikaliwaza polepole maana sikuwa na kitu cha kunisukuma.

Nikirudishiwa wadudu wangu, ataamka Kandida wa zamani. Namjua vizuri mwanamke yule. Alimfukuza diwani mkutanoni kwa mwiko. Aligombana na padre kwa sababu ya kwaya na padre ndiye aliyehama. Ataamka wodini, kitu cha kwanza ataulizia mtoto wa Leokadia. Wataangaliana. Ataambiwa. Halafu atauliza ni nani aliyekuwa anakaa humu, aliyekula, akalala, akachagua maharage, wakati mtoto anakauka.

Hatanisamehe huyo. Na hata kulia kwake hakutakuwa kwa Eusebia. Atamlilia Alanus kwanza, Eusebia atasubiri nyuma.

Usiuite wema. Nilikuwa mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba, basi, hata kama mwenye nyumba mwenyewe nilikuwa namfungia mlango asirudi tena.

"Mpe," nikasema.

"Bibi..."

"Mpe kabla sijapata akili. Na huo moto uache, unaunguza sufuria yangu."

* * *

Walimwingizia Alanus kwa mpira mwembamba puani. Akiba yenyewe ilipoyeyushwa ilikuwa kama vijiko viwili vya uji wa rangi ya kahawa. Nikaitazama. Ujana wangu wote ule, nikawaza, hata bakuli haujazi.

Kabla hajaanza, Daktari Nkwabi alinisomea masharti, maana ndiyo kazi yake.

"Kuanzia leo hawa ni wa mtoto. Mtu yeyote haruhusiwi kuchukua chochote kwake mpaka awe mtu mzima wa kutia sahihi mwenyewe."

"Akifika huko mimi nitakuwa mbolea ya kahawa."

"Ndiyo, bibi. Na jingine. Kwako, Mbegu ndiyo inayolishika gonjwa lisiamke. Kikiingia kitu kipya tumboni bila dawa na bila uangalizi wetu, linaweza kuamka. Kwa umri wako hatutakuwahi."

Nikaweka dole gumba penye kioo. Kioo kikalia kidogo, ti.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Leokadia alikaa na mtoto kifuani mpaka blauzi ikashika umbo lake. Kisha siku moja nepi ikatoka nzito, ya manjano, yenye harufu ya maziwa yaliyoganda, na daktari akaipeleka dirishani akaiangalia kwenye mwanga kama mtu aliyeletewa kitenge cha zawadi. Tumbo likanywea. Mapaja yakajaa. Na Alanus akaanza kulia.

Wodi ile ilizoea watoto wa Mbegu wanaokohoa kidogo wakiwa na njaa. Huyu alilia mpaka manesi wakaja mbio wakidhani ameungua. Alilia kwa hasira, na ngumi, akinyamaza katikati kuangalia kama umesikia, halafu anaendelea pale alipoishia. Leokadia alimwogopa.

"Ana nini, bibi?"

"Hana kitu. Anagombana."

"Na nani?"

"Mngoje akue, atawaambia majina."

Na alijua kucheka pia, mapema kuliko wenzake, tena alicheka watu wakiangusha vitu. Nilimtazama kama unavyomwona mtu kavaa sweta lako lililopotea kambani. Linamkaa vizuri. Unajua kila kifungo. Wewe baridi inakupiga, na huwezi kumvua mtoto.

* * *

Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaanikwa. Hakuna aliyekuja kunichukua kwenda wodini. Nilikuwa nakaa na Alanus mchana, Leokadia na Ditram wakiwa shambani. Nilifanya kila kinachotakiwa. Nilimwogesha, nikamwimbia nyimbo zile za kubembeleza, nikamwambia, "Mume wangu, leo umeniletea nini mjini?" Alicheka akanishika pua. Mikono yangu inaijua kazi hiyo, haikuhitaji mimi niwepo.

Siku ile Leokadia alirudi mapema. Akasonga ugali, akaunga mboga ya maboga kwa karanga, nami nikambadilisha mtoto nepi pale pale kwenye mkeka. Alikuwa amefanya kazi kubwa, kazi ya mtu mzima. Nikamfuta, nikamfunga safi, nikaiweka ile chafu kwenye ndoo.

Halafu nikakaa. Nikaangalia mkono wangu wa kulia.

Leokadia akaleta chakula, akaweka mbele yangu. Akarudi na jagi na beseni, akapiga magoti kama ilivyo desturi, akaninyooshea.

"Karibu unawe, bibi."

Mkono wangu ulikuwa pajani. Nikauacha hapo hapo.

"Bibi, lete mikono."

"Iko sawa hii."

"Umetoka kumbadilisha nepi sasa hivi. Nimekuona."

"Una macho mazuri, mke mwenzangu. Ni ya mama yako hayo."

Jagi lilikuwa limeinama tayari, maji yamefika mdomoni, hayajamwagika. Nikamwona anaelewa. Kwanza uso ulikunjamana kwa kinyaa, halafu kinyaa kikapita, kikabaki kitu kingine ambacho siwezi kukitaja, maana sijakitumia muda mrefu.

"Daktari alisema gonjwa linaweza kuamka," akasema kwa sauti ya chini, ingawa hakuna mtu aliyekuwepo.

"Alisema."

"Alisema hawatakuwahi."

"Hata hilo alisema. Anaeleza vizuri kijana yule."

"Na alisema wadudu ni wa mtoto."

"Muulize mtoto."

Alanus alikuwa amelala chali kwenye mkeka, amekamata mguu wake kwa mikono miwili, anautazama kwa ukali kama mtu aliyeuziwa mbovu.

"Huenda usipate kitu," Leokadia akasema. "Huenda ukaumwa bure."

"Huenda."

"Na ukifa je?"

"Mtanizika. Utalia peke yako, kama ulivyozoea."

Halikuwa neno zuri. Nilijua si zuri, kwa namna ile ninayojua mambo. Lilimwingia, nikaliona linavyomwingia, akafumba macho akiwa bado amepiga magoti na lile jagi lake. Nilimngoja. Sikuwa na hofu, wala matumaini, wala aibu. Ningeweza kumngoja mpaka ugali upoe, na nisingeona tofauti.

Akafumbua macho. Akalinyoosha jagi, akasimama, akalipeleka na beseni lake mpaka nje ya mlango, akaviweka chini. Akarudi akausogeza ugali karibu yangu zaidi, na bakuli la mboga. Hakukaa kula.

"Ukianza kulia, niite," akasema. "Hata nikiwa shambani kule chini. Piga kelele, niite."

"Nitakuita."

Akambeba mwanawe, akatoka naye, akauvuta mlango. Nikamega tonge.